Kazi Niliyoipata kwa Lugha ya Shambani

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua ungeitikia kwanza, kisha uniulize kama nimekula. Nimekula, na kazi nimepata.

Unakumbuka Baba alivyopiga marufuku Kihangaza, lugha yetu, nyumbani? Alitaka nisome niajiriwe ofisini, na aliamini Kihangaza kitanirudisha nyuma. Hukubishana naye. Ndani ulinisemesha Kiswahili chako cha kuokoteza. Tukishafika kwenye shamba letu la maharage hapa Mabawe, ilikuwa Kihangaza mpaka jioni. Ulikuwa mjanja wewe.

Ulifariki nikiwa chuo kikuu. Nilirudi na shahada ya sosholojia, nikakaa nyumbani mwaka mzima nikituma maombi. Majirani wakaanza kuuliza kwa upole kama kweli nilimaliza masomo. Iliniuma sana, Mama. Kisha wakimbizi wakaanza kuvuka mpaka wa Kabanga kutoka Burundi, na shirika moja la misaada likatuita waombaji kazi kwenye usaili kambini.

Tulikuwa wasomi tupu. Kila mmoja alitakiwa kuzungumza na bibi mmoja Mrundi, ajue anahitaji nini. Wenzangu waliingia na mkalimani wakamwaga maswali. Bibi akawajibu wote kwamba hana shida. Nami nilikuwa na maswali yangu tayari, kama tulivyofundishwa. Ndipo nikakumbuka ulichoniambia siku tulipokwenda kumwona mgonjwa: “Keti kwanza. Muulize kwao. Shida ataitaja mwenyewe.”

Basi nikaketi mkekani, nikamwamkia kwa Kihangaza, nikamuuliza habari za mlima wa kwao. Kirundi chake na Kihangaza chetu havipishani sana. Tulizungumzia migomba na ng'ombe, ndipo akasema: alipotezana na mumewe njiani, na anaogopa wakimwandikisha ataandikwa mjane.

Chuo sikibezi. Ripoti yake niliiandika kwa Kiingereza cha huko, na kwa ripoti hiyo mumewe anatafutwa kwenye kambi nyingine. Lakini kule hakuna aliyetufundisha kuketi. Baba anatamba sokoni kwamba shahada imelipa, nami namwacha atambe.

Siku ile ya usaili, nilipokuwa natoka, bibi aliniuliza nani alinilea. Nikasema mama yangu.

“Umsalimie,” akasema. “Mwambie leo nimezungumza na mtu.”

Sikuweza kumwambia kwamba hupo. Nikaitikia kwamba salamu zitafika.

Binti yako