Jani la Kijani kwenye Chupa ya Mama

Nyumbani, meza ya jikoni,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na uzigawe kwa shemeji na wapwa wangu kabla hujaendelea kusoma. Hujambo huko? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kimeachia? Sisi huku tupo. Mimi mzima, ila nimechoka, ule uchovu wa kuamka nao.

Barua yako nimeipata. Umeniomba nikutumie chupa chache za ile sharubati ya asilia anayoisifu Mama kila mkiongea kwenye simu, uwape watoto badala ya soda. Dada, sitazituma. Usikasirike, ngoja nikueleze.

Unakumbuka Mama alivyonibandika jina la Kinyonga, kwa sababu nilikuwa nikirudi kutoka kiwanda cha uchapaji leo na vidole vyekundu, kesho vya bluu? Siku hizi kinyonga ameganda kwenye rangi moja. Kila mteja wa lebo anataka kijani. "Niwekee na jani hapo juu." Mtu wa sabuni ya vyombo, jani. Mtu wa mifuko ya plastiki, jani, na chini yake "rafiki wa mazingira". Juzi kaja mtu wa dawa ya mende. Nikamuuliza kama mende nao sasa watakufa kifo cha asili. Hakucheka. Nikamwekea jani lake. Na jani lenyewe ni lilelile, limo kwenye kompyuta, nalihamisha tu kutoka chupa hadi chupa.

Sharubati hiyo nayo lebo yake inatoka kwetu. Mbele imeandikwa "Asilia. Utamu wa asili tupu." Nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: maji, sukari, ladha, rangi. Tunda limo kwenye picha tu.

Sasa sikia ya Mama. Daktari alipomkataza sukari, aliacha kweli. Kopo zima alimpa jirani wa mlango wa pili, mimi nikiona, nikafurahi. Kumbe nikishaenda kazini anaimimina ile sharubati kwenye chai, na si kidogo. Tena humu ndani imeshakuwa kitu chenye jina lake: "Hebu nisogezee asilia." Kliniki muuguzi alimuuliza kama bado anatumia sukari. Akajibu kifua mbele, "Sukari niliacha zamani, mwanangu. Natumia asilia." Muuguzi akaitikia, akamwita mgonjwa mwingine.

Kile kidonda cha kidole cha mguu alichokwambia kinapona, hakiponi. Amekuficha. Daktari amesema sukari isiposhuka watakikata kidole, na wakichelewa hawataishia kwenye kidole. Naogopa, Dada. Sina maneno mengine ya kulizungushia, naogopa.

Nilipomfuma na chupa nikamwambia, Mama, hii ni sukari. Akaniangalia kana kwamba nimelewa.

"Imeandikwa asilia."

"Mama, mimi ndiye niliyeichapa."

"Ndiyo maana naiamini. Mwanangu hachapi uongo."

Kumbe hata majirani ndivyo anavyowaambia. Dukani anachagua chenye jani, kwa kuwa jani ni la mwanawe. Nilikaa chini.

Nikamwomba bosi angalau tulikuze neno "sukari" hapo nyuma. Hakunifokea, naye amechoka kama mimi. "Sisi tunauza karatasi, bwana. Sharubati si yetu." Nikarudi kwenye mashine. Kazi siwezi kuiacha, unajua mwenyewe dawa za Mama zinatoka wapi.

Ila jana, kabla ya kuzima mashine, nilichapa lebo moja ya peke yake. Wino mweusi, herufi kubwa za kusomeka bila miwani, bila jani: MAMA, HII NI SUKARI. Nikaibandika kwenye chupa, juu ya ile ya zamani. Leo asubuhi akaishika, akaisoma polepole, akaigeuza huku na huku akitafuta jani.

"Na hii nani kakulipa uichape?"

"Hakuna, Mama."

Akaisukuma chupa upande wangu wa meza, akanywa chai yake bila kitu, uso umekunjamana. Alipomaliza akasema, "Basi zile nyingine zote ulilipwa." Hakuwa anauliza. Tangu hapo hajaniita Kinyonga, na sijui kama ataniita tena.

Nakuomba umpigie simu. Muulize mguu, na ukatae akikwambia anaendelea vizuri. Habari za sharubati usiziguse, ameshaaibika vya kutosha, na mimi pia.

Msalimie shemeji, na wapwa wangu wote, hasa yule kitindamimba asiyemaliza chakula. Jirani wa mlango wa pili naye anakusalimu. Mungu awafunike huko mliko, na atuachie Mama akiwa mzima, vidole vyake vyote kumi.

Nimemwambia nakuandikia. Akanyanyuka, akaja kuchungulia kalamu yangu, akasema ni vizuri kwamba wino ni mweusi, sasa wewe Dada utaniamini.

Mdogo wako anayekupenda,
Kinyonga