Watu wa Gulio Siwafuti

Kasulu, Jumatano, Novemba 1999. Mvua tangu asubuhi, jenereta ya ofisi inakohoa, na mimi nimefura kwa hasira.

Bosi ameniambia niwafute watu wa magulio.

Nieleze taratibu. Mradi wetu unatengeneza orodha ya biashara za Kasulu na Kibondo, iwekwe kwenye mtandao, ili mnunuzi wa Mwanza akitaka maharage ajue amtafute nani. Kazi ya kompyuta ni yangu. Nimetengeneza ukurasa mmoja mtupu, kiolezo, wenye nafasi ya jina, bidhaa na mahali. Habari zenyewe zinakaa pembeni kwenye majedwali, na ukurasa unajijaza mtu anapouliza.

Bosi, ambaye ameletwa kutoka Dar, alipanga kila biashara iwe na sehemu moja. Sasa huku kwetu nani ana sehemu moja? Mama yangu leo yuko gulio la Kagerankanda, keshokutwa Manyovu, Jumamosi hapa mjini, na maharage ni yale yale. Mwanzoni nilimwandika kama watu watatu. Alipoongeza karanga nikamrekebisha mmoja, wale wengine wawili wakabaki hawana karanga. Nilijiona mjinga kweli.

Nikavunja, nikaanza upya. Wafanyabiashara jedwali lao, magulio na siku zake jedwali lao, na jingine la kuwaunganisha. Ukiuliza Ijumaa, unaonyeshwa nani yuko gulio gani Ijumaa. Jamani, nusura nipige vigelegele ofisini.

Bosi akaangalia, akakunja uso. Akasema asiye na duka ni mchuuzi tu, anachafua kazi. Niwafute wote kabla disketi yenye orodha haijapelekwa Dar Ijumaa, la sivyo atatafuta mtu mwingine wa kukalia kiti changu.

Nikamwambia, "Bosi, hawa hawajakosa sehemu. Wanazo nyingi."

Akachukua mwavuli wake akatoka.

Naogopa, sikatai. Kazi hii naipenda, na Kasulu nzima sijui nani mwingine angeniweka mbele ya kompyuta. Lakini shule yangu ililipwa na maharage ya gulioni, debe kwa debe, mvua ikimnyeshea mama. Leo nimwambie yeye si biashara? Thubutu.

Ijumaa bosi atapokea disketi yenye watu wote. Akitaka kuwafuta, kompyuta ile pale, afute kwa kidole chake mwenyewe.

Aanze na mama yangu, nikiwa nimesimama hapo.