Kaburi Kwenye Alizeti

Jumatatu, 10 Juni 2024

Kikao changu cha kwanza kama mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Alphonce anadai kipande cha shamba la Severina, kile chenye kaburi la mama mkwe wa Severina. Alizeti imekomaa na hakuna wa kuivuna hadi tuamue. Severina ni mjane, hana shamba jingine.

Alphonce anajua kuongea! Methali tatu kabla hajafika shambani. Mashahidi watatu, wote maneno yale yale, "tangu enzi za babu", hadi kukohoa walikohoa mahali pale pale. Wenzangu wakaafiki kwa vichwa: watu watatu hao. Mimi niliona mmoja, kabadilisha kofia tu.

Severina alilia. Huruma ikanishika, nikajikanya. Machozi si mpaka wa shamba.

Jumatano, 12 Juni

Napepeta mtama — nimeipata hoja! Kaburi lile alilichimba Alphonce mwenyewe, na vijana wa ukoo. Nani anachimba kaburi la mtu wa jirani kwenye shamba lake mwenyewe, akanyamaza? Huku kwetu ukishazika, umeweka mpaka.

Nilifurahi mno, ndipo nikajishuku. Nimewekwa pale nipime, sikuwekwa nimshindie mtu. Nikajifanya Alphonce. Angejibu nini? "Msibani hatugombani." Na ni kweli, hakuna anayebishana maiti ikiwa ndani. Basi swali ni hili: matanga yalipoanuliwa, alisema? Kama alinyamaza miaka yote hii, hana kesi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemuuliza mbele ya wote. Bwana Alphonce, baada ya matanga ulimwambia nani?

Safari hii hakuleta methali.

"Nilimwambia marehemu Sostenes, mumeo. Si ndiye alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi? Akasema, waache wafiwa wapumue kwanza."

Watu wakacheka. Mzee Mughwai, mwenyekiti, akasema shahidi wa kaburini haitwi barazani. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza kwamba nimemmaliza. Uamuzi Jumanne.

Mimi sikucheka. Maneno yale yamenikumbusha jioni moja baada ya matanga: Sostenes alirudi, akavua viatu mlangoni, akaniambia Alphonce kalalamika juu ya lile kaburi. Nimemwambia awaache wapumue, akasema. Neno lile lile. Wale watatu wake hawana lolote. Shahidi wake ni mimi, na yeye mwenyewe hajui.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nimetafuta jibu la kuiangusha hoja ya Alphonce, sijaliona. Inaniuma, na bado imesimama. Kulalamika hakumpi shamba, lakini hakunyamaza. Baraza lazima lijue hivyo kabla halijaamua. Nitasema.

Jumanne, 18 Juni

Nitasema. Kitenge nimevaa, chai imenishinda.

Severina kanipitia twende pamoja. Yuko uani. "Shikamoo mama Eliana. Mungu akubariki kwa lile swali, jana nimelala usingizi."

Nimemwambia anisubiri kidogo, natafuta viatu. Viatu viko miguuni.