Mwalimu Kaondoka, Wimbo Kauacha

Jumamosi ya umuganda, jioni. Remera, Kigali.

Mvua imekatika sasa hivi na mtaa mzima unanukia udongo. Viatu vyangu vya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, viko mlangoni na tope lake, na sina mpango wa kuvigusa leo. Koo limekauka kwa kuimba. Moyo ni mweupe. Wiki nzima sijawa hivi, kwa hiyo ngoja niandike kabla sijapoa.

Kwa mgeni wa blogu hii: mimi ni Mtanzania, mtu wa Singida, nafanya kazi kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo kule Kimihurura, na Jumapili naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya ibada ya Kiswahili. Kwaya yenyewe ni mchanganyiko. Kuna sisi Watanzania, Wanyarwanda, Wakongo, na Mkenya mmoja wa besi anayeimba kama anagombana na mtu.

Mwezi uliopita mwalimu wetu, Silas, alimwacha mkewe. Amehamia Rubavu kwa mwanamke mwingine, na amekwenda na kinanda cha nyumbani.

Kinanda, jamani.

Mkewe ni Mama Keza, sauti ya kwanza, mstari wa mbele, na ni rafiki yangu. Nilipofika Kigali sijui Kinyarwanda hata cha kununulia nyanya, yeye ndiye aliyenishika mkono sokoni na kuwaambia wauzaji waache kunipandishia bei, mimi ni dada yake. Nikawa dada yake tangu siku hiyo.

Sasa shida yangu ni hii. Silas ndiye aliyetunga wimbo wetu mkubwa, ule ambao kila kanisa tunalotembelea wanatuomba turudie. Unamsifu Mungu asiyemwacha mtu wake njiani. Soma tena hapo. Asiyemwacha mtu. Na aliyeuandika yuko Rubavu.

Ndio wimbo ulioniingiza kwenye kwaya. Jumapili yangu ya kwanza hapa nilikaa benchi la nyuma, nimewakumbuka watu wa kwetu, kwaya ikauimba. Nililia mpaka mama wa pembeni akanipa ncha ya kitenge chake nifute uso. Wiki iliyofuata nikajiandikisha. Sijawahi kuupenda wimbo wowote namna ile, na nasema hivyo nikijua mama yangu anasoma humu na anaimba vizuri.

Tangu Silas aondoke siuwezi. Ukianza tu namwona yeye, macho kayafumba, mkono wa kulia juu, kidole kidogo kimejitenga na wenzake kama hakitaki kuhusishwa. Zamani nilikiona kile kidole nikasema huyu mtu anamsikia Mungu. Siku hizi nakiona nataka kukiuma.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikaa kupanga nyimbo za sikukuu ya kwaya, ambayo ni kesho. Mama Keza hakuwepo, mtoto wake alikuwa na homa. Wa njiani (ndivyo tunavyouita) ukatajwa wa kwanza. Nikasimama. Mimi nikisimama huwa sikai haraka. Nilisema mdomo unaoimba maneno yale na miguu iliyoondoka ni vya mtu mmoja, na sisi tukiuimba mbele ya mkewe tunamtonesha kidonda. Nikasema utoke kwenye ratiba, na usirudi. Dada wawili walipiga makofi. Mwenyekiti wetu, Papa Bahati, mzee wa Kikongo mwenye upole wa ajabu, alisema tu, "Bandugu, tutulie. Tutaamua siku ya mazoezi."

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilijiona shujaa, nikajinunulia hadi sambusa.

Katikati ya wiki nikaanza kujikaanga mwenyewe. Kwani fundi wa chapati hapa chini nimeshawahi kumuuliza kama anaishi vizuri na mkewe? Nakula tu, tena mbili. Binamu yangu aliwahi kunitumia orodha ya wanamuziki ambao, kwa mambo waliyoyafanya au kuyasema, mtu mwenye msimamo hatakiwi kuwasikiliza. Niliisoma yote. Ningeifuata ningebaki na mlio wa simu.

Lakini chapati haisemi kitu. Chapati haikuahidi uaminifu. Wimbo una maneno, na mtu aliyeyaweka maneno yale alikuwa ananiangalia machoni akinifundisha niyatamke kwa imani. Hapo ndipo nilipokuwa nakwama kila nikijaribu kumsamehe yule bwana ili nipate wimbo wangu.

Alhamisi Mama Keza akanitumia ujumbe: "Uje Ndera." Nikabeba mkate na maziwa, nikajua naenda kushukuriwa.

Nilimkuta barazani anapukuchua maharage. Nyumba yao mpya haijapigwa plasta upande mmoja, na shamba lake linaanzia pale pale ukutani. Akanipa kiti cha plastiki, akanisogezea fungu langu la maharage, akaacha nikae vizuri kwanza.

"Ariko wewe, nani alikutuma?" Ariko ndiyo lakini ya huku.

Nikasema nilikuwa namtetea.

"Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilipukuchua kwa bidii sana kwa dakika kadhaa, maharage ya watu wawili.

"Silas alienda na kinanda," akasema. "Alienda na redio. Hata pasi ya nguo alibeba. Hii wimbo ndiyo aliacha. Sasa nyinyi munakuja kunitolea na hiyo?"

Nilijitahidi. Lakini nilimwona Silas kwenye basi la Rubavu amepakata pasi, nikacheka, na nilipocheka naye akashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka Keza akatoka ndani na pua yake ya mafua kuuliza kuna nini.

Kisha akaniambia mambo ambayo nilipaswa kuyajua bila kuambiwa. Kwamba wimbo ule aliusikia kabla yetu sote, yeye akipika na Silas akigonga mdundo mezani. Kwamba aliuimba hospitali usiku aliojifungua Keza, manesi wakaitikia. Kwamba tangu mume aondoke kila mtu kanisani akimwona anasema "disi", lile neno la huruma la hapa, mpaka limemchosha kuliko kuachwa kwenyewe. Na kwamba tukiutoa wimbo, atakuwa mwanamke ambaye kwaya ililazimika kukatwa kiungo kwa ajili yake.

"Hii wimbo iko na miaka yangu ndani," akasema. "Yeye aliondoka yeye. Mimi nisipunguzwe."

Nilimuuliza kama haumii, kama hamwoni Silas akiimba.

"Namuona," akasema. "Halafu naimba."

Kwenye pikipiki ya kurudi mjini nilikuwa na aibu. Tena ile aibu yenye ukweli ndani. Sikusimama Jumapili kwa ajili ya Mama Keza. Nilisimama kwa sababu Silas aliniharibia kitu changu nikipendacho, na hasira yangu nikaivisha jina la rafiki yangu ili ionekane ya heshima. Yeye hakuwa hata kwenye mkutano.

Leo, umuganda ulipoisha na mkutano wa mtaa ukaisha, tukakusanyika kanisani kwa mazoezi na matope yetu. Nikasimama tena. Safari hii nilikaa haraka. Nilisema nilizungumza kwa niaba ya mtu asiyenituma, na naomba wimbo usitolewe. Papa Bahati aliinamisha uso, na naapa alikuwa anatabasamu.

Mtu mmoja wa sauti ya tatu akasema, basi tuimbe lakini tusimtaje mtunzi, maana kila mara mtangazaji husema huu ni utunzi wa Mwalimu Silas, na huko ni kumpa sifa. Watu wakaanza kelele. Nilikuwa upande wake, nikafumba mdomo kwa nguvu zote. Ni Mama Keza aliyejibu, akiwa ameketi palepale mbele.

"Mumutaje. Yeye ndiye aliandika. Aliandika, halafu aliondoka, yote mbili iko kweli. Mimi sitaki uongo kanisani."

"Bon," akasema Papa Bahati. "Tunaimba, ao tunaendelea kupiga midomo?"

Tukaimba. Ubeti wa kwanza nilipita salama. Tulipofika kiitikio, kile kidole kikaja. Mkono juu, macho yamefumbwa, kila kitu. Sauti yangu ikateleza, nikawavuta na wenzangu wawili, sauti ya pili nzima ikapotea kama mbuzi waliokosa mchungaji. Mwalimu mpya, kijana mpole asiyejua yote haya, akatusimamisha. Akauliza sauti ya pili tuna nini. Mimi nilikuwa naangalia matope ya viatu vyangu.

Nilitaka kuondoka, kusema kweli. Nilishaomba radhi, nilishautetea wimbo, kumbe moyo haujasikia tangazo. Nikawaza labda haki yangu ni kunyamaza tu kesho wakati wenzangu wanaimba, nifungue mdomo bila sauti kama yule Mkenya wetu anavyofanya kwenye nyimbo asizozijua. Rafiki yangu ana wimbo wake. Mimi sina tena.

Mama Keza akatoka kwenye mstari wake, akapita mbele ya watu wote mpaka niliposimama.

"Unamuona?" akaninong'oneza.

Nikakubali kwa kichwa.

"Sasa wewe niangalie mimi."

Akarudi mahali pake. Mwalimu mpya akainua mikono. Kwenye kwaya tunafundishwa kumwangalia mwalimu tu, tangu siku ya kwanza tunaambiwa hivyo, na mimi nikageuza shingo nikamwangalia mwanamke wa sauti ya kwanza.

Sijui kama nimewahi kumwona akiimba. Nimemsikia miaka yote, kumwona ni leo. Nyusi zinapanda kwenye noti za juu. Mishipa ya shingo inatoka. Kuna mahali anapumua vibaya, na hajali. Na yale maneno, kwamba kuna asiyekuacha njiani, yalipotoka kwake hayakuwa na kidole cha mtu yeyote. Mwanamke aliyeachwa alikuwa amesimama anaimba kwamba hajaachwa, na alikuwa anamaanisha. Silas aliyatunga maneno yale vizuri sana, lazima nikubali. Ila hajawahi kuyahitaji namna hii.

Nililia tena, lakini safari hii nikiwa ndani ya sauti yangu, sikumvuta mtu. Tulipomaliza yule Mkenya wa besi alipiga kelele za shangwe peke yake, na Mama Keza akaniambia kwa mbali nijipanguze pua.

Kuhusu wanamuziki wengine wote wa dunia hii, na vituko vyao, bado sina jibu. Ile orodha ya binamu iko kwenye simu, na wengine nitaendelea kuwanunia kwa sababu zangu, wengine nitawasikiliza na aibu kidogo. Nikipata jibu la jumla nitaliandika hapa, ingawa sidhani.

Kesho, lakini, najua. Mwalimu mpya ametuonya mara mbili, macho yote kwake, sikukuu hii kuna wageni. Atanikuta nimeangalia pembeni. Anisamehe tu.