Jina Ambalo Wifi Yangu Hakulitaja

Mpendwa wifi yangu, Mama Neema,

Juzi akina mama watatu wa usharika walinijia nyumbani na vitenge vyao vya sare. Wakaniomba nizungumze kanisani Jumapili ijayo kuhusu uzuri wa moyo, na namna mwanamke Mkristo anavyoweza kushinda majaribu. Nilifurahi sana, nikawapikia chai ya maziwa. Kwenye kikombe cha pili mmoja wao akateleza ulimi, akasema kwamba walikupigia simu wewe kwanza, huko Babati, na wewe ukawaambia, "Mwombeni wifi, yeye ndiye mwenye maneno." Nikaweka kikombe chini. Na mvi zangu zote hizi, roho iliniuma kama ya binti asiyejua kitu. Kumbe hata mwaliko wangu ulikuwa makombo yako.

Nimejaribu kuliandika hilo somo mara tatu. Kila nikianza na uzuri wa nje kwamba hupita, nauona uso wako, ambao haukupita, na kalamu inasimama. Basi nimeamua kukuandikia wewe. Barua hii ndiyo nitakayoisoma Jumapili mbele ya watu, na nakala utaletewa na mtu wa basi. Nashukuru kwamba uko mbali, maana ukiwa umekaa kwenye benchi la mbele nitaishia kuwasalimia tu na kukaa.

Kabla hujaolewa kwetu Dongobesh, mimi ndiye niliyekuwa binti wa kuangaliwa. Nilikuwa nikianzisha nyimbo za kwaya, na nikipita dukani watu walinyamaza kwanza. Halafu kaka Safari, aliyekuwa akiendesha trekta kwenye mashamba ya ngano kule Hanang, akarudi nyumbani na wewe kutoka Getanuwas. Binti wa Kibarabaigi, mrefu, bangili za shaba mikononi, na ile miduara ya chale kuzunguka macho. Majirani wakaja kukutazama, nami nikakaa kwenye kigoda nikisubiri wacheke. Hawakucheka. Walisema tu kwamba Safari ameoa, wakaondoka wakigeuka nyuma. Siku ile nilijitazama kwenye kioo mpaka mama akaniuliza kama nimepotewa na jino.

Uzuri tu ningeuvumilia. Shida ni kwamba ulikuwa na mikono pia. Ulikuwa unaviosha vibuyu vya maziwa na kuvifukiza moshi wa ule mti wenu, na baba yetu, Mzee Petro, ambaye maisha yake yote hakunywa maziwa ya kibuyu cha mtu ila cha mama, akaanza kuuliza kabla hajanywa: "Haya ni ya mkwe?" Yakiwa yangu anaonja, anashukuru, anaweka chini. Hata yule ng'ombe mwekundu aliyenipiga teke mara mbili, kwako alisimama na kucheua. Nikasema moyoni, hata ng'ombe! Usicheke, wifi. Nililia kwa ajili ya ng'ombe.

Ndiyo ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, ghafla mnadani kila kitu kikawa kimetandazwa chini kwenye turubai: mitumba, redio, viatu vya visigino, na vikopo vya mafuta vyenye picha ya mwanamke mweupe. Nikanunua kikopo. Nilitaka uso utakaowafanya watu wausahau wako. Baada ya siku chache ngozi ikaanza kuwaka, ikabanduka mashavuni, nikawa nafunga kanga mpaka puani. Wewe ndiye uliyenipaka samli, asubuhi na jioni, nyuma ya zizi ili mama asituone. Aliyekuuliza ulimjibu neno moja, "Anapona." Hukuniuliza nilipaka nini, ingawa kikopo ulikiona chini ya kitanda changu ulipokuwa unafagia. Mtu mwenye akili angeshukuru. Mimi nilizidi kukuchukia, kwa sababu sasa ulikuwa umeniona nilivyo.

Shuleni walitufundisha kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa naimba methali ile kwa sauti nikidhani inawahusu watu wengine.

Kisha ukaingia darasa la ubatizo. Hukujua kusoma, basi mama akaniagiza nikusomee Maandiko jioni, na nilikuwa pia karani wa darasa, ninayeshika daftari la mahudhurio. Ulikuwa ukisikia mara moja tu, kesho yake unaisimulia habari nzima pamoja na mambo ambayo mimi niliyapita bila kuyaona. Lakini nikagundua kitu. Kila tulipofika kwa yule mwanafunzi aliyetembea juu ya maji, hukumtaja jina. Ulisema "yule mvuvi". Kwaya ikiimba wimbo wenye jina lake, midomo yako ilifungwa pale pale, ikafunguka neno likishapita. Mama alidhani ni mtindo wako wa kusimulia, akawa anacheka.

Nilikuuliza siku moja tukifukiza vibuyu. Ukaangalia nyuma kwanza, kisha ukaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwenu mke halitamki jina la baba mkwe, liwe lake au la mtu mwingine yeyote anayeitwa hivyo. "Nikilitamka ni kama nimemvua nguo mbele za watu," ulisema. Ukaniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa hata kulieleza jambo lenyewe mbele ya wakwe ni aibu. Ukaongeza kwamba likikufika pagumu, mimi nitakusemea, kwa sababu mimi ni binti wa nyumba na kwangu si mwiko. Nikakubali. Nilikubali, wifi, kwa mdomo wangu huu.

Wakati ule mama alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe kwa mfanyabiashara wa pale sokoni, akakushonea gauni. Pasaka ungebatizwa, ndoa yenu ingebarikiwa, na kwaya ingeimba wimbo ambao wewe ndiye ungeuanzisha. Wimbo wangu. Mwalimu wa kwaya alisema sauti yako inafaa zaidi kwa siku hiyo. Mimi sijaolewa, gauni jeupe la kwanza ndani ya nyumba yetu linashonwa si kwa ajili yangu, na wimbo nao unakwenda. Kijicho kilinipanda hata chakula nikawa nakila bila kukisikia.

Mtihani ulifanyika Jumamosi. Baba alikuwa ameenda mnada wa ng'ombe, kaka yuko Hanang msimu wa kupanda. Mwinjilisti alikuwa mgeni, hakuzijua mila za kwenu, watu wa tambarare. Aliwauliza wenzako, wakababaika, wakapita. Ikafika zamu yako. Akakuuliza ni nani aliyemkana Bwana.

Ukasema, "Yule mvuvi."

"Wavuvi walikuwa wengi," akasema mwinjilisti. "Jina lake?"

Ukanyamaza. Akarudia swali. Watu wakaanza kugeuka. Ndipo ukanitazama. Ilikuwa kazi ya kusimama tu na kusema, mwalimu, huyu analijua, kwao halitamkwi, baba yetu anaitwa hivyo. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni. Lakini nikaliona lile gauni, nikausikia ule wimbo, nikainamia daftari na kujifanya naandika. Huwa tunahubiri kwamba Ibilisi anakuja na pembe na kelele. Kwangu alikuja akiwa ameshika kalamu ya karani. Mwinjilisti akaniambia niandike mbele ya jina lako, "Hajaiva, arudie mwaka." Nikaandika. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Njiani ulitembea mbele yangu. Tulipofika darajani ukasimama, ukanisubiri, ukaniuliza bila hasira, "Wifi, ulisahau?"

Nikasema, "Nilisahau."

Ukasema, "Haya," ukanipokea mfuko wa mahindi niliokuwa nimebeba, tukaenda nyumbani. Mama alipouliza kwa nini umeshindwa, ulisema swali lilikuwa gumu. Hukunitaja. Nilitamani unitaje, ili niwe na sababu ya kukukasirikia.

Zilibaki wiki tatu kabla ya Pasaka. Siku moja nilifika hadi mlangoni kwa mwinjilisti, nikasikia anakohoa ndani, nikarudi. Nilijiambia kwamba mwaka si mwingi, utabatizwa tu. Na mama, kwa kuwa gauni lingekaa bure sandukuni, akapandisha pindo na kunipa mimi niimbie Pasaka. Lilinikaa vizuri. Nasema kweli mbele za Mungu, lilinikaa vizuri sana.

Asubuhi ile ya Pasaka mama yako akafika. Hakuna aliyemtegemea. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Getanuwas, na sketi yake ya ngozi na shanga, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani, kwa sababu alisikia kwamba binti yake anapewa jina na Mungu wa wakwe. Akakukuta kwenye benchi la nyuma pamoja na wasiobatizwa. Akakaa karibu yako. Mimi nikasimama mbele na gauni lako, nikaanzisha wimbo wako. Nilimwona akinitazama mimi, kisha akakutazama wewe. Kaka, aliyewasili usiku wa kuamkia siku hiyo, alinieleza baadaye alichokuuliza kwa lugha yenu: "Wamekukataa?" Nawe ulimjibu, "Hapana, mama, bado wananifundisha." Kesho yake aliondoka. Kiangazi kile kile akafa.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi nilikula hadi nguo yenyewe.

Kaka ndiye aliyemweleza baba sababu ya wewe kushindwa mtihani, baada ya kuisikia kwenu msibani. Baba alisimama. Akachukua fimbo yake, akaenda kwa mwinjilisti, akamwambia, "Mwalimu, binti huyu amenitunzia heshima kuliko watoto niliowazaa, na wewe umemfelisha kwa hilo." Mwinjilisti aliomba radhi, na mwaka uliofuata ulibatizwa Rebeka bila kulazimishwa kulitamka. Pindo la gauni likashushwa, alama ya mshono ikabaki inaonekana, na hukulalamika. Jioni ile ile aliyotoka kwa mwinjilisti, baba aliniuliza kama mimi nilikuwa ninajua. Nilimwambia sikujua. Amezikwa akiamini hivyo.

Nawe miaka hiyo yote ulinisukia nywele, ulinilelea watoto nilipoolewa papa hapa na kujifungua mapacha, uliniletea samli. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, kaka akapata kazi Babati, mkahama, na nilipowasindikiza kwenye basi nililia mpaka watu wakasema hawa wanapendana kama ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nalia kwa nafuu. Nilidhani ukiondoka, wivu nao utapanda basi. Haukupanda. Nasikia huko nako wewe ndiye kiongozi wa akina mama, kwamba wagonjwa wanakuulizia kwa jina, na mimi hapa natafuta kasoro. Nimetafuta kwa bidii. Nimepata moja tu, kwamba unachelewa kurudisha vyombo.

Yule mvuvi naye alikana, wifi, lakini asubuhi haijakucha vizuri alikuwa ameshalia. Mimi nimekuwa mwanakwaya, nimekuwa mzee wa kanisa, nimewafundisha mabinti wa watu kwamba wasipendeze nje tu. Mabinti hao wamenisikiliza, Mungu anisamehe. Ninachowaambia Jumapili ni hiki: vikopo vya mnadani si jaribu kubwa, vile vinaharibu shavu na shavu linapona. Jaribu langu lilikuwa kunyamaza kwa dakika moja, wakati mtu aliyenificha aibu yangu alipokuwa akinitazama.

Sikusahau. Pale darajani nilikudanganya. Nilijua jibu, nilijua kwa nini hulisemi, nilikuwa nimekuahidi, na nikakuacha kwa sababu nilitaka gauni na wimbo. Mama yako alikwenda kaburini akidhani tulikukataa, na aliyekukataa ni mimi peke yangu. Usharika haukukukataa, wala Mungu. Kama kwenu kuna mahali pa kumwambia marehemu neno, naomba umwambie hilo, au unipeleke nikamwambie mwenyewe. Nitatembea siku hizo mbili.

Najua wewe ulijua. Ulijua pale pale darajani, ndiyo maana ulinipa lile neno "ulisahau" nilishike nisianguke. Hilo ndilo linalonitafuna kuliko yote. Sura yako nilikuwa nimeshaizoea, na maziwa, na hata ng'ombe. Lakini moyo wa namna ile ningeupata wapi, na kwa nini ulipewa wewe?

Naomba unisamehe, Mama Neema. Ila nakusihi, usinisamehe haraka. Nipigie, unifokee kwanza, unikatie simu, ukae wiki nzima umenuna. Ukinijibu kwa upole, nitakuonea wivu tena.

Msalimie kaka, na watoto.

Ni mimi wifi yako, wa Dongobesh.