Karatasi ya Kuomba Radhi

Shoga, nimetolewa hewani. Kipindi changu cha miaka tisa kimekatwa katikati, wakaweka muziki.

Eti kwa nini nimesema hospitali kubwa haina maji. Na kweli haina. Mama mkwe amelazwa huko, mimi ndiye ninayembebea madumu.

Bosi kaniita, kanisukumia karatasi. "Dada, soma hii hewani saa saba, yaishe."

Yaishe. Mimi, niombe radhi kwa kusema hakuna maji.

Nikaisoma pale pale mbele yake: "Ulimi wangu ulinitangulia, nikawaumiza walioniamini." Nikahisi baridi. Ni ile ile uliyosomeshwa wewe mwaka juzi, wiki moja kabla hujaacha utangazaji. Wamefuta jina lako, wakaweka langu. Basi.

Nikamwambia sisomi. Akanijibu, "Mbona mwenzako alisoma?"

Sasa nimekaa kwenye ngazi za ofisi, nakuambia haya, na si kwa hasira tu.

Siku ile ulilia chooni ukiniuliza ni nani mwenye roho mbaya aliyekuandikia maneno yale. Nikakushika bega, nikanyamaza.

Niliyaandika mimi, shoga. Bosi alisema hapa hakuna anayejua kuandika kama mimi, nami nikafurahi.