Matone Yaliyokataa Kuyeyuka

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa hadubini.

Uliuliza nafanya nini hasa huku maabara. Ndani ya seli kuna vyumba vyenye kuta, na vingine havina ukuta wowote, ni matone tu, kama mafuta juu ya supu. Seli ikibanwa, matone hujikusanya. Shida ikipita, huyeyuka. Kwa watu wengine hukataa, yakawa magumu, na neva zinazoendesha misuli zikafa taratibu. Mara nyingi mikono ndiyo hulegea kwanza.

Wiki hii nina furaha ya ajabu. Tulizipasha joto seli za watu tulioambiwa ni wazima, majina yamefichwa, kisha tukazipoza. Namba kumi na nne, baba! Matone yamegoma saa sita nzima. Mkuu wangu amenipigia makofi. Tumemwona mgonjwa kabla hajajijua.

Mwanao

22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Najua nimekaa kimya mno.

Barua yako niliisomea karakanani, nikacheka, maana uliandika kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kisha nikatoa kadi mfukoni. Mwaka jana walipokuja zahanati kuomba vipande vya ngozi kwa utafiti wenu, nilijitolea kimyakimya. Nilitaka siku moja nikutanie kwamba umenitazama usinijue. Kadi yangu ni namba kumi na nne.

Nilishaanza kushuku. Kidole gumba hakishiki randa tena. Nilisingizia uzee, nikawa nanunua mbao zilizokwisha kupigwa randa. Sasa daktari ameniona mara tatu, na amesema ndio ugonjwa wenyewe.

Sikufichi, nilikasirika. Miaka arobaini naishi kwa mikono hii, halafu habari zake naletewa na mwanangu akishangilia! Kwa wiki kadhaa sikutaka kuona hata mwandiko wako. Hasira imekwisha. Imebaki hofu, wala si kwa ajili yangu tu. Daktari anasema unaweza kurithiwa. Umejipima?

Babako

29 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo hata kukuulizia hali naona aibu.

Nisamehe. Mambo ya sampuli haturuhusiwi kuyatoa nje ya maabara, nami niliyatoa kwa sababu ni wewe. Nimemweleza mkuu wangu kila kitu. Ameniondoa kwenye seli zako.

Sijajipima. Nimetazama seli za watu mia mbili, zangu sijathubutu. Na dawa ya kuuponya bado hakuna, nisikudanganye. Niambie unataka nifanye nini.

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nilishakusamehe, acha kujitesa.

Waombe wakurudishe. Kama ni lazima nitazamwe, nitazamwe na mtu anayenipenda. Kujipima ni juu yako, sikusukumi.

Mistari hii michache imenila asubuhi nzima. Kama una neno la kunibishia, lilete mapema, ningali naweza kukujibu. Unajua ninavyopenda ubishi.

Babako

15 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri.

Wamekataa kunirudisha, na wana haki. Basi nimeomba likizo, wamenipa miezi mitatu. Nitapimwa hukohuko, wewe ukiwa umekaa pembeni yangu, maana peke yangu siwezi. Nafika Jumamosi. Barua hii ikichelewa, nitakusomea mwenyewe.

Mwanao